Mkasi Hukata kwa Faida ya Nani?

Jumamosi moja ya Julai nilikuwa juu ya ngazi, mkasi wa kupogolea mkononi, glavu za ngozi zimenifika karibu na viwiko, napambana na kichaka chenye miiba. Chini alisimama binti yangu wa miaka 16, kazi yake kushika ngazi na kukusanya matawi yanayoanguka. Nikakata kitawi kimoja kirefu, kibichi, chenye afya kuliko vyote.

"Baba, hicho kina ugonjwa?"

"Hapana."

"Kimekauka?"

"Hapana."

"Sasa kimekosa nini?"

Nikajibu bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu: "Tunakikata kwa faida yake."

Akanyamaza kidogo. "Faida ya nani?"

Nikajifanya sikusikia. Watu wazima tuna ujuzi huo. Lakini swali lile halikubaki bustanini. Nimekula nalo, nimelala nalo, nimepanda nalo basi la kwenda kazini. Na ujue kwamba binti hakuwa anauliza habari za kichaka tu. Mezani jikoni kulikuwa na fomu. Alikuwa amemaliza mitihani ya GCSE mwezi Juni, na kwa mfumo wa hapa Uingereza, mwanafunzi aliyekuwa na masomo tisa au kumi anaingia A-level na matatu tu. Kwa hiyo mfumo wenyewe ni mkasi. Mimi nilitaka biolojia, kemia na hisabati. Yeye alitaka biolojia, fasihi ya Kiingereza na sanaa. Tulikuwa tumebishana wiki mbili, na kila nilipoishiwa na hoja nilirudi kwenye sentensi ileile: ni kwa faida yako.

Hebu tuanze na kichaka, maana ndicho kilichonifungua macho.

Kinaitwa pirakantha. Jina limetoka kwenye Kigiriki, maneno mawili yaliyoungwa, moto na mwiba. Ni jamaa wa waridi, na hakipukutishi majani wakati wa baridi. Hapa Uingereza watu hupenda kukiegemeza ukutani chini ya madirisha, kwa sababu mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza ni uzuri: mwanzoni mwa kiangazi kinafunikwa na maua madogo meupe, na ifikapo Septemba kinajaa vishada vya matunda madogo mekundu, ya rangi ya chungwa au ya manjano. Ya pili ni mwizi. Hakuna mwizi mwenye akili timamu atakayepita kwenye dirisha lililozungushiwa miiba ile.

Sisi tuliokulia nyanda za juu za Kenya tunaujua mpango huo. Nyumbani kwetu tulizungukwa na ua wa kayaba, ule mti wenye miiba mirefu na matunda ya manjano yanayokaza meno kwa uchachu. Kayaba ilitoka kusini mwa Afrika, kandokando ya mto Kei, ikaja kwetu kuwa askari. Baba aliikata mara kwa mara, juu tambarare, pembeni wima, kama mtu anayenyoa kijana wa jeshi. Matunda hatukuyaona kwa wingi, isipokuwa pale nyuma ya choo ambako mkono wake haukufika. Nilikuwa mkubwa sana nilipoelewa kwamba hayo mambo mawili yana uhusiano.

Uhusiano wenyewe ndio huu. Pirakantha huchanua kwenye matawi yaliyomea mwaka jana au kabla yake, si kwenye matawi ya mwaka huu. Maua yakishapita na vitunda vya kijani kuanza kufunga, kichaka kinaanza kutoa matawi mapya kwa kasi, marefu, laini, yenye haraka ya ujana. Matawi hayo hayana tunda hata moja. Yanachofanya ni kupita mbele ya vishada na kuvifunika. Kwa hiyo katikati ya kiangazi, Julai hadi Agosti, mtunza bustani huyapunguza: hufuata kila tawi jipya hadi linapoanzia, akaacha majani mawili au matatu, akakata. Jua linafika kwenye matunda, na macho yanafika pia. Kile kisiki kifupi kinachobaki hakijafa. Humo ndimo maua ya miaka ijayo yatakapotokea.

Ni kazi ya polepole. Unakata tawi moja moja, na kila tawi unauliza: wewe ni wa mwaka gani?

Miaka miwili iliyopita sikuuliza. Nilikuwa na mashine ya umeme ya kukatia ua, mpya, na dakika ishirini tu kabla ya mvua. Nikakinyoa kichaka kama Baba alivyonyoa kayaba. Kilipendeza kweli, kikawa kama boksi. Mwaka uliofuata upande wote niliopitisha mashine haukuwa na ua wala tunda, kwa sababu nilikuwa nimeondoa matawi ya zamani pamoja na mapya. Januari ilipofika, yule ndege mweusi mwenye mdomo wa rangi ya chungwa aliyezoea kuja kula pale alitua, akageuza shingo huku na huku, akaondoka. Na ukiniuliza siku ile ya mashine nilikuwa nafanya nini, ningekuambia nakitunza kichaka.

Basi, swali la binti. Faida ya nani?

Nimejaribu kuyapanga makato yote niliyowahi kumfanyia mti, na naona ni ya aina tatu.

Kuna kukata kwa sababu ya ugonjwa. Pirakantha hushambuliwa na bakteria wanaonyausha matawi hadi yanakuwa kama yaliyobabuliwa na moto. Ukiona hivyo huna mjadala: unakata chini kabisa ya pale ulipofika ugonjwa, kwenye ubao mzima, unasafisha mkasi, unachoma ulichokata. Hapo nikisema ni kwa faida ya kichaka, nasema kweli. Bila mkasi kingeweza kufa.

Kuna kukata kwa ajili ya njia. Tawi limeingia kwenye kijia, mtoto wa jirani anapita na baiskeli, mwiba uko usawa wa jicho lake. Hapo nakata kwa faida ya mtoto. Kichaka hakipati chochote.

Halafu kuna kukata kwa ajili ya tunda. Hii ndiyo ya Julai. Nakata ili vishada vionekane, ili nikisimama jikoni mwezi wa Oktoba, giza linaingia saa kumi na mbili jioni, nione rangi. Nani anafaidika? Mimi. Huenda na ndege. Kichaka chenyewe, ukikiacha porini, hakihitaji mtu wa kukikata hata siku moja. Kimekuwepo kabla ya mikasi. Miiba yake ni ya kuzuia wanyama wanaokula majani, matunda yake ni ya kuita ndege wabebe mbegu. Kina mpango wake, na mimi simo kwenye mpango huo.

Sisemi kukata kwa aina ya tatu ni dhambi. Nitaendelea kukata kila Julai Mungu akinijalia magoti. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuichukua lugha ya aina ya kwanza, lugha ya ugonjwa na uponyaji, tukaivisha aina ya tatu. Na tukishamaliza na vichaka tunawahamia watu.

Wako wanaokata bila kujidanganya. Huku Uingereza kuna tunda linaloitwa gusberi. Usilichanganye na lile la kwetu lililojifunga ndani ya ganda kama karatasi. Hili la Ulaya hukua kwenye kichaka kifupi chenye miiba mikali, nalo pia hupogolewa kiangazi, vitawi vya pembeni vikipunguzwa hadi majani matano ili hewa na mwanga vipite. Katika kijiji cha Egton Bridge, Yorkshire, kuna chama cha wakuza gusberi kilichoanzishwa mwaka 1800, na hadi leo kila Agosti wanachama huleta matunda yao yapimwe kwenye mizani. Anayeshinda ni mwenye tunda zito. Charles Darwin aliyachukulia mashindano ya namna hii kwa uzito wa kisayansi. Katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu mimea na wanyama waliobadilishwa na mkono wa binadamu, aliandika kwamba tunda la aina iitwayo London lilifikia, mwaka 1852, uzito wa kati ya mara saba na mara nane ya gusberi wa mwituni. Sababu kubwa, alisema, ni uchaguzi wa miche bora mwaka baada ya mwaka. Lakini pia ni utunzaji: matawi kuelekezwa, udongo kurutubishwa, na kila kichaka kuachiwa matunda machache tu.

Machache tu! Yaani kichaka kilichotaka kuzaa mia kinaachiwa wachache, ili nguvu yote iwaendee hao. Kwa kichaka hiyo ni hasara tupu. Mbegu zake zimepungua. Lakini pale kwenye mizani huhitaji kuambiwa kwamba gusberi amesaidiwa. Mizani inasema wazi watu wanataka nini: tunda kubwa, na kombe. Mimi naona kuna heshima ya namna fulani katika uwazi huo.

Sasa tutazame upande wetu. Kiswahili kina hazina ya methali za kukunja na kunyoosha, na maarufu kuliko zote ni ile ya samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia mashuleni, harusini, kwenye vikao vya ukoo. Nimeitumia mwenyewe. Majuzi ndipo nilipokaa nikaifikiria. Samaki anakunjwa kwa faida ya nani? Anakunjwa ili aenee kwenye chungu, au akae vizuri juu ya moto. Samaki mwenyewe keshakufa. Mwenye faida ni mlaji. Methali haikutudanganya, ilisema samaki, haikusema zaidi. Sisi ndio tuliomgeuza mtoto kuwa samaki, kisha tukamwambia kwamba chungu ni chake.

Niruhusu nikupeleke nyumbani kidogo, kwa sababu nisipofika huko nitakuwa nimekuficha kitu.

Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake vitabu kumi na moja. Vingine nilipewa na mwalimu, vingine nilibadilishana, kimoja nilikiiba. Kati yake ilikuwemo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Wengi wenu mnaijua: riwaya ya mwaka 1971, ya msichana anayelelewa na baba mkali anayemziba kila upenyo, na anapofika mahali pasipo na ukuta hajui kusimama. Kwa muda ilikatazwa mashuleni Tanzania. Sijui Baba aliujua uvumi huo au la. Alichojua ni kwamba alama zangu za fizikia zilikuwa zimeshuka. Likizo ya Agosti akaingia chumbani, akalibeba lile sanduku, akalifungia stoo pamoja na mahindi. Hakupiga kelele. Alisema, "Kwa faida yako, kijana. Siku moja utanishukuru."

Panya walivimaliza kabla ya Krismasi.

Na kata lile lilizaa. Lazima niseme hivyo, la sivyo hii itakuwa insha ya malalamiko. Fizikia ilipanda, kemia ikapanda, nikasomea kazi ya maabara, nikapata ajira mapema, nikaja huku. Mshahara wangu umesomesha wadogo zangu wanne. Siwezi kusema kwamba bila lile sanduku kufungwa ningekuwa mwandishi mkubwa. Pengine ningekuwa mlevi mwenye maktaba. Mti hauna njia ya kujua ungekuwaje bila mkasi, na mtu naye hana.

Kwa hiyo si kata lililoniuma miaka yote hii. Nilidhani ni hilo, hadi miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa tunazungumza kwenye simu, Mzee na mimi, habari za mvua na bei ya mbolea, na ghafla akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo aliyoyaanza peke yake: "Unajua mwaka ule wa vitabu vyako, shamba lilikuwa halijatoa kitu. Nyuma yako kulikuwa na watoto wanne. Nilihitaji mmoja wenu apate kazi haraka, na wewe ndiye uliyekuwa na kichwa."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa kwenye ngazi za nyumba. Sikukasirika, wala sikulia. Nilifikiria jambo moja tu: kama angeniambia hivyo nikiwa na miaka kumi na tano, ningelibeba lile sanduku mwenyewe hadi stoo.

Hapo ndipo nilipoelewa neno "kwa faida yako" linafanya nini. Linanyang'anya vitu vitatu kwa mpigo.

Kwanza linakunyang'anya haki ya kupinga. Mtu akikuambia anahitaji kitu, unaweza kumjibu: nipe muda, tugawane, sitaki, kuna njia nyingine. Lakini akisema ni faida yako, ukipinga unaonekana unapigana na nafsi yako mwenyewe. Kichaka angalau kina miiba. Mwaka huu pamoja na glavu zote mwiba ulinipenya kidole cha shahada, kikavimba siku nne, na nadhani ni haki yake. Ilikuwa namna ya kichaka kusema neno. Mtoto unayemwambia "kwa faida yako" umeshamtoa miiba kabla ya kuanza kukata.

Pili linakutia kwenye deni. "Siku moja utanishukuru." Aliyekatwa ndiye anayetakiwa kulipa shukrani. Nimewahi kumshukuru Baba, kwenye harusi yangu, mbele ya watu, kwa sauti iliyotetemeka, na nilikuwa namaanisha. Ila kuna pembe moja ya moyo iliyokuwa inahesabu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, linakunyang'anya nafasi ya kutoa. Wadogo zangu walihitaji kitu nilichokuwa nacho. Hicho ni kitu kizuri maishani, kuhitajiwa na watu unaowapenda. Ningeweza kutoa. Badala yake nilichukuliwa, na nikaambiwa sikuchukuliwa kitu. Nimesomesha watu wanne, na kwa miaka mingi nilidhani nililipa karo zile kwa wema wangu tu, juu ya maisha niliyochaguliwa kwa faida yangu. Kumbe karo zilianza siku ile stoo.

Najua utakachoniuliza. Mtoto mdogo je? Utamwomba ruhusa kabla ya chanjo? Hapana, sitamwomba. Chanjo ni aina ya kwanza, ubao wenye ugonjwa, na mtoto wa miaka miwili hawezi kupima. Hata John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1859 kwamba faida ya mtu mwenyewe si sababu ya kutosha kumlazimisha mtu mzima, aliwatoa watoto nje ya kanuni hiyo. Mimi nakubaliana naye. Ila naona wazazi tunaishi vizuri sana ndani ya msamaha huo. Mtoto ana miaka miwili, tunakata. Ana kumi, tunakata. Ana 16, anakuzidi urefu, anajua kukuuliza "ya nani", na bado tunatumia sauti ileile ya sindano ya surua.

Utauliza pia: kwani Baba hakukutakia mema? Alinitakia. Naamini mema yangu na shida yake vilikuwa kwenye sanduku moja, na huenda hata yeye hakuweza kuvitenganisha. Nia za binadamu huwa zimechanganyika, na simtaki mtu awe na nia moja safi kama maji ya chupa. Ninachotaka ni atamke zote mbili. "Ni kwa faida yako, na pia nina shida." Nusu ya pili ndiyo inayofanya nusu ya kwanza iaminike.

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwenye kichaka, nacho ni kuangalia ndani kabla ya kukata. Tungeweza kuanza kazi ile mapema zaidi. Hatukuanza, kwa sababu mwezi wa Juni yule ndege mweusi alikuwa na kiota katikati ya miiba, mahali ambapo paka hafiki. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1981 inafanya kuwa kosa kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa mwituni wakati kinajengwa au kinatumika. Kichaka ni changu, ukuta ni wangu, mkasi ni wangu, lakini kwa wiki kadhaa kuna mpangaji mwenye haki kunizidi. Unangoja. Kila asubuhi unachungulia. Siku moja unakuta kimya, ndipo unapoleta ngazi.

Baba hakuchungulia. Angechungulia angeona kwamba mle kwenye sanduku palikuwa na kitu kinaatamiwa. Huenda bado angekata. Watoto wanne ni wanne, na njaa haingoji. Lakini angejua amekata nini, nami ningejua kwamba anajua. Nimegundua kwamba mtu anaweza kusamehe karibu kila kitu ukimwambia umeona ulichomwondolea.

Turudi kwenye ngazi. Nilikata vitawi vingine vitano au sita, kimya, halafu nikashuka. Nikavua glavu. Nikamwambia, "Faida yangu."

"Nini?"

"Umeuliza kata hili ni faida ya nani. Ni yangu. Nataka nikiwa jikoni nione matunda. Kichaka hakina shida."

Akatazama dirisha la jikoni, akatazama kichaka. "Sawa," akasema. "Basi kata na lile la juu, linaziba zaidi."

Jioni ile nilikaa naye mezani, fomu katikati yetu. Sikuwa nimejiandaa, na maneno hayakutoka vizuri. Nilimwambia: "Mimi nataka uchukue kemia kwa sababu naogopa. Nilifika nchi hii simjui mtu, na cheti ndicho kilichonisimamisha. Nikikuona unachora, mimi naona kodi ya nyumba. Tena nikimwambia mtu kazini kwamba binti yangu anasoma sayansi, najisikia mtu. Hiyo nayo imo." Sentensi hiyo ya mwisho ilinitoka kwa shida kuliko zote.

Alicheka kidogo, si kwa dharau. Halafu akasema, "Hiyo naweza kuijibu, Baba. Ile nyingine nilikuwa siwezi."

Akajibu. Alizungumza karibu saa nzima, na sehemu kubwa sikuitegemea. Naye anaogopa, lakini si kitu kilekile ninachokiogopa mimi. Anaogopa kufika umri wangu akiwa hodari katika jambo asilolipenda, na aliposema hivyo hakunitazama, jambo nililolichukulia kuwa adabu. Mama yake alipita mara mbili kuchukua vikombe visivyohitaji kuchukuliwa.

Hatujamaliza. Ninapoandika haya matokeo bado hayajatoka. Yatatoka mwezi wa Agosti. Kwenye fomu kuna biolojia, kuna fasihi, na mstari wa tatu uko wazi. Bado natamani aandike kemia, na nimemwambia natamani, na amesema amesikia. Kesho, kusiponyesha, tunamalizia upande wa pili wa kichaka. Safari hii yeye ndiye atakayepanda ngazi. Ameniomba glavu, na ameniambia nisimwelekeze.